Fundi Kadiri na Wapagazi wa Bugeshi

Kadiri bin Saidi alikuwa mshonaji kabla hajawa msomi, na hata alipokuwa msomi watu wa Gisenyi hawakuacha kumwita fundi. Kibaraza chake kilikuwa katika mtaa wa Waislamu, hatua chache kutoka sokoni. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, mkasi uliotoka Usumbura, na mdomo usiojua kupumzika. Mteja akija kupimwa suruali, kabla utepe haujafika kiunoni, Kadiri alikuwa ameshamuuliza babu yake alikuwa nani, alilima wapi, na aliitwa na nani kwenda kufanya kazi ya bure: chifu, Mdachi (ndivyo walivyomwita Mjerumani) au Mbeligiji. Wengine walipenda kuulizwa. Wengine waliona huo ni umbeya uliovaa kanzu, na wenye haraka zao walipeleka vitambaa kwa mafundi wengine.

Alikuwa na sababu yake. Baba yake, Saidi, alikuja Gisenyi kutoka Ujiji akiuza chumvi, akaoa, akapata mtoto mmoja. Mwaka 1916, majeshi ya Wabeligiji yalipovuka kutoka Kongo na Wadachi wakarudi nyuma, Saidi alikamatwa pamoja na wengine wakabebeshwa risasi na vyakula kuelekea Tabora. Kadiri alikuwa bado ananyonya. Baba hakurudi, wala haikuletwa habari yake. Nyuma ya vita ikaja njaa kubwa ambayo watu wa kule waliiita Rumanura, na iliwamaliza watu wa milimani kuliko risasi zilivyowamaliza askari. Mama yake alipoulizwa habari za miaka ile alikuwa na jibu moja tu. "Walikwenda wengi, mwanangu. Mbwa walikosa watu wa kuwabwekea."

Basi mwaka 1951 akafika mjini Mbeligiji mmoja mrefu na mwembamba, jina lake Profesa Wouters, ambaye suruali yake ilichanika vibaya wakati akishuka garini. Akaelekezwa kwa Kadiri. Alikaa kibarazani amejifunga shuka kiunoni akisubiri, na Kadiri, ambaye hakubagua mteja, akamuuliza huku akishona: "Na babu yako, Bwana, alifanyishwa kazi na nani?" Mzungu akacheka kwanza. Akasema kwamba katika vita ileile Wadachi waliikalia nyumba ya babu yake huko kwao, wakamlazimisha kuchimba mitaro. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Na ndilo, akasema, alilokuja kuwauliza watu wa Rwanda.

Suruali ilipokwisha, Kadiri alikuwa na kazi mpya ya kuwa mkalimani.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, inaonekana kama kupoteza wakati. Profesa alikuwa akichunguza dola: jinsi watu wachache wanavyowakalia watu wengi, na jinsi hao wengi wanavyozoea hata wakaona ndivyo dunia ilivyoumbwa. Alitaka kuiweka dola ya mwami, yaani mfalme wa Rwanda, ya Wadachi na ya Wabeligiji juu ya meza moja na kuzilinganisha. Rafiki zake walipomuuliza baada ya sala ya Ijumaa anafanya nini na yule Mzungu, Kadiri alijibu kwa ufupi. "Tunatafuta nani alimbebesha nani mzigo, na kwa ruhusa ya nani." Wakamwambia hilo kila mtu analijua. "Basi andikeni," akawaambia, "muone kama mnalijua kweli."

Kwa miaka minne alijifunza kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Kusoma alikuwa anajua tangu madrasa, na herufi za Kizungu alifundishwa na karani mmoja wa misheni kwa malipo ya kaptura. Sasa alisoma vitabu vya Kifaransa kwa sauti pale kibarazani mpaka majirani wakalalamika. Alijifunza kutouliza swali lenye jibu ndani yake. Alijifunza kumwandika shahidi kwenye kadi, kadi moja mtu mmoja, na kutoamini neno mpaka lisemwe na watu wawili wasioishi kilima kimoja. Profesa alikuwa mkali kwa jambo hilo. Kadiri akawa mkali kumzidi, na mke wake akawa anamtania kwamba siku hizi hata habari kwamba ugali umeiva anaitafutia shahidi wa pili.

Mwaka 1955 walifika kwenye sura ya vita na njaa, na Profesa, kwa mara ya kwanza, akamtuma Kadiri peke yake. "Nenda Bugeshi," alimwambia. "Ingia kila boma. Niletee majina ya wote waliochukuliwa upagazi." Kadiri alipanda mlimani na kadi zake kifuani kama mtu aliyepewa upanga. Huko ni baridi, kuna viazi na ng'ombe na ukungu unaoshuka kutoka kwenye volkano mpaka mlangoni. Akapita boma kwa boma miezi mitatu mizima. Wanaume aliwakuta wachache wa kumsaidia: wa umri ule wengi walikufa au walihamia Kongo, na waliobaki walizungumza mbele ya chifu mdogo, ambaye baba yake ndiye aliyechagua wapagazi, kwa hiyo walizungumza kwa adabu. Akawategemea bibi vizee, na wao walikuwa wakarimu. Mmoja wao, Mukankusi, mjane mwenye boma zuri karibu na njia ya Kongo, alimkaribisha siku tatu mfululizo.

Alirudi na majina arobaini na moja.

Profesa alifurahi. Namba ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa safi, ina mashahidi. Akakaa akaandika. Ikiwa katika maelfu ya watu wa Bugeshi walichukuliwa arobaini na moja tu, basi mashamba hayakukosa watu wa kuyalima. Ikiwa mashamba yalilimwa, basi njaa ilitokana na ukame. Alimpa Kadiri karatasi hizo azipige chapa, na Kadiri akazipiga, herufi kwa herufi, mpaka alipofika kwenye maneno yaliyosema kwamba vita haikuwa na mchango mkubwa katika vifo vile. Vidole vikakataa kuendelea.

"Bwana Profesa," alisema, "mama yangu alisema walikwenda wengi."

Profesa hakumdharau. Alivua miwani yake akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Kadiri kuliko kama angefokewa. "Mama yako ni shahidi mmoja, Kadiri. Nilikufundisha nini? Kikao cha wasomi ni Agosti mwakani, hapa hapa Gisenyi, kisha kitabu kinakwenda kuchapishwa. Niletee majina, na sura hii nitaifuta kwa mkono wangu. Ukikosa, itabaki ilivyo."

Hapo Kadiri aliona shimo alilojichimbia. Kitabu kile kingekaa kwenye maktaba za Ulaya, na siku moja kingerudi kusomwa na wajukuu wa Bugeshi. Wangejifunza kwamba babu zao walikaa nyumbani na kuuawa na jua. Hakuna Mzungu aliyelisema hilo kwa uongo. Lilisemwa na kadi za Kadiri mwenyewe, zilizoandikwa vizuri, zenye mashahidi wawili wawili.

Akaja nyumbani jioni ile akakaa barazani bila kugusa chai. Mke wake, Mukamurenzi, alikuwa akimenya viazi. Alizaliwa Bugeshi, akasilimu alipoolewa, na Kiswahili alijifunzia mjini, sokoni, kwa hiyo alikizungumza kama soko linavyokizungumza.

"Kwani iko nini, Baba Zaina? Chai inapoa."

Kadiri akamweleza. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akamsomea yale majina arobaini na moja, moja baada ya jingine. Mukamurenzi alisikiliza huku maganda yakidondoka. Yalipokwisha, akasema, "Hawa wote ni vijana."

"Vijana namna gani?"

"Mi nawajua hizi boma. Mukankusi alikutajia bwana yake, na mudogo wa bwana yake. Baba mukwe yake je?"

"Nilimuuliza. Alisema hakuna mwingine aliyechukuliwa."

Mukamurenzi akaweka kisu chini. "Yewe, Baba Zaina. We ulimuuliza muke wa mutu jina ya baba mukwe yake? Tena na kalamu mukononi?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Kule kwetu hiyo jina haipite mu kinywa ya muke. Tangu anaolewa mpaka anakufa. Na majina ya ndugu za baba mukwe, ni vilevile. Atakuambia hajui, atakuambia hakuna mutu, atakuambia vile unataka. Lakini hiyo jina, ashwi, hautaisikia."

Kadiri alimtazama kama amemwona mara ya kwanza. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akaokota kisu chake. "Bon. Mi niko mu nyumba yako miaka makumi mbili. Ulishasikia natamka jina ya baba yako?"

Kadiri akafikiri. Baba yake aliitwa Saidi. Mtaani kulikuwa na mwuza nyama aliyeitwa Saidi, na kwa miaka ishirini Mukamurenzi hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "yule wa nyama" tu. Kadiri alidhani kuna ugomvi. Kwa kumpendeza mke wake alikuwa akienda kununua nyama upande wa pili wa soko, mbali, na tena nyama mbaya. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mukamurenzi naye akacheka bila kujua sababu.

Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa alikuwa ameuona mshono wote kwa ndani. Milimani binti wa boma huolewa akaenda zake, na mwanamke unayemkuta bomani ameletwa kwa ndoa. Yeye alikuwa ameingia kila boma la Bugeshi na katika kila boma akamuuliza mtu yule yule mmoja asiyeweza kujibu. Wenye ruhusa ya kutaja majina, yaani mabinti hao, walikuwa wametawanyika Rugerero, Nyakiriba na kwingineko, wakilea wajukuu kwenye maboma ya watu wengine.

"Donc," akasema, "wifi yake Mukankusi ameolewa wapi?"

"Nyakiriba. Jina yake Nyirahabimana. Mi namujua."

Wiki ile ile Kadiri alimkabidhi mke wake cherehani na mkasi. Mukamurenzi alikuwa hajawahi kushona suruali, lakini alikuwa amewatazama mafundi kwa miaka ishirini na alijua makosa yao yote. Asubuhi kabla Kadiri hajaondoka alimpa njia: nenda kwa fulani, mwambie umetumwa na binti wa fulani, usimuulize habari za nyumba aliyoolewa, muulize ya nyumba aliyozaliwa. Kadiri aliandika maneno hayo ya mwisho juu ya daftari lake kwa herufi kubwa.

Nyirahabimana alimpokea Nyakiriba akiwa shambani, jembe mkononi. Kadiri alipomuuliza nani alichukuliwa kutoka kwa baba yake, hakungoja swali liishe. "Si kaka zangu wawili tu. Baba yangu, Semivumbi. Na ndugu zake wawili, Rukeribuga na Bazatoha. Walifungwa kamba moja. Mimi ndiye niliyemnywesha baba maji, kwa kuwa mikono yake ilikuwa nyuma." Akayasema kwa sauti ya mtu aliyekaa na chakula tayari miaka arobaini akisubiri mgeni. Kadiri akamuuliza kuhusu mvua mwaka ule, bila kumtilia jibu mdomoni. "Mvua?" akasema. "Ilinyesha kupita kiasi. Maharage yaliota ndani ya maganda yake shambani, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuyavuna. Askari walikula yaliyokuwa ghalani, na mvua ikala yaliyokuwa nje."

Kadiri aliandika kwa furaha, na aliionea haya furaha hiyo.

Tangu hapo hakuuliza tena boma liko wapi, aliuliza binti ameolewa wapi. Alifuata ndoa kama mtu anavyofuata kijito. Binti mmoja alimpeleka kwa dada yake, dada akampeleka kwa binti wa ami yake. Kila jina alilitafutia shahidi wa pili kwenye kilima kingine, na alipomkosa aliliacha jina hilo nje, hata kama moyo ulimuuma. Alivaa viatu jozi tatu vikaisha. Alinyeshewa Bugeshi, akaugua homa Rugerero, akalishwa viazi na watu wasiomjua mpaka akanenepa huku akitembea kutwa. Rafiki zake wa mtaani walisema amerukwa na akili, kwa kuwa ameacha kazi ya kivulini akawa mchumba wa vikongwe.

Julai 1956 aliweka kadi juu ya meza ya Profesa. Zilikuwa mia tatu na kumi na saba.

Profesa alizisoma siku nzima, asile. Alirudia nyingine mara mbili, akalinganisha vilima, akatafuta kosa kwa juhudi zote, kwa kuwa ndivyo alivyomheshimu mtu. Jioni alifungua rasimu yake, akachukua kalamu nyekundu, akaivuta kutoka kona hadi kona kwenye kila ukurasa wa sura ile. "Utazungumza wewe kikaoni," alisema. "Mimi sikuigundua. Lakini jiandae. Daktari Gilson atakuwepo."

Daktari Gilson ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya vitabu vya namna ile. Alikuwa mzee, msomi wa kweli, na aliamini karatasi za ofisi kuliko vinywa vya watu. Asipokubali, mia tatu na kumi na saba wangebaki ndani ya sanduku la Kadiri na arobaini na moja wangechapishwa. Kadiri alijishonea koti la kijivu kwa ajili ya siku ile. Alilifumua mara mbili. Mwishowe Mukamurenzi akamnyang'anya akalimaliza yeye.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule moja, madirisha yakiwa wazi upande wa ziwa. Walikuwa wasomi kumi na wawili mezani, na Kadiri akiwa amesimama karibu na ubao, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwekea kiti. Alieleza kazi yake kwa Kifaransa alichojifunza kibarazani. Alipomaliza, Daktari Gilson alipekua karatasi zake taratibu.

"Mwaka jana walikuwa arobaini na moja," alisema. "Mwaka huu mia tatu na kumi na saba. Mwakani watakuwa elfu?"

Watu wakacheka. Kadiri alihisi jasho likishuka ndani ya koti jipya, lakini maneno yalikuwa tayari. "Daktari, naomba uitazame ile orodha ya arobaini na moja. Hakuna hata mmoja ndani yake aliyekuwa na mtoto wa kiume aliyeoa. Hata mmoja. Je, askari walipofika Bugeshi waliwauliza watu kwanza kama wana wakwe, ndipo wakawafunga kamba?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha upande wake. Daktari Gilson hakucheka, ila aliichukua orodha akaanza kuitazama. Kadiri akaeleza desturi ya mkwe kutotaja jina. Mzee akasema maelezo ni mazuri, lakini yamekuja kwa wakati unaomfaa mwenye kuyatoa. Angependa kuiona desturi hiyo kwa macho yake.

"Wako nje," alisema Kadiri.

Akaingia Mukankusi, na Mukamurenzi nyuma yake ili afasiri kwa Kifaransa chake cha sokoni. Mjane alipewa kiti. Daktari Gilson alimuuliza mwenyewe, kwa upole kabisa: baba wa marehemu mume wako aliitwa nani? Mukankusi alivuta kitambaa chake begani, akatazama sakafu. Akaulizwa tena. "Sijui," alisema. Uliishi naye? "Miaka miwili, boma moja." Na hujui jina lake? "Sijui." Alichukuliwa na askari? Mukankusi akashikanisha mikono. "Hakuna mzee aliyechukuliwa," alisema.

Daktari Gilson akamgeukia Kadiri, akainua mabega. Shahidi wako mwenyewe anakukanusha, yalisema mabega hayo.

"Sasa muulize wifi yake," alisema Kadiri.

Nyirahabimana aliingia akakaa kando ya Mukankusi, akamshika mkono kwanza. Swali likawa lile lile. Alijibu akiwa amenyoosha mgongo, na hakuhitaji kurudia. "Baba wa mume wake ni baba yangu. Anaitwa Semivumbi. Alichukuliwa na ndugu zake Rukeribuga na Bazatoha, kamba moja. Huyu alikuwepo. Alisimama nami mlangoni, ana mimba, akalia mpaka wakapita bonde."

Aliposikia jina lile, Mukankusi alijifunika uso kwa kitambaa. Mabega yake yalitikisika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na katika ukumbi ule hapakuwa na mtu mmoja aliyehitaji aseme.

Mzee Gilson alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Lakini alikuwa msomi, na msomi hakubali kwa machozi peke yake. Aliingiza mkono ndani ya sanduku la kadi akatoa moja kutoka katikati, akamsomea Kadiri jina. Kadiri, bila kutazama, akamtajia mashahidi wawili na vilima vyao. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu, ya nne. Katika ile ya tano Kadiri alisema, "Huyo shahidi wake wa pili alifariki mwezi uliopita, lakini binti yake alikuwepo aliponieleza, na jina la binti liko nyuma ya kadi." Mzee akaigeuza. Lilikuwepo.

"Nani alifikiria kufuata ndoa?" akauliza.

"Mke wangu. Ndiye huyu anayekufasiria."

Daktari Gilson akamgeukia Mukamurenzi, akamuuliza jina lake linaandikwaje, na alipoambiwa aliliandika mwenyewe pembeni mwa karatasi yake. Kisha akafanya jambo ambalo Gisenyi ililizungumza mwaka mzima. Alisimama, akavuta viti viwili kutoka ukutani, akaviweka mezani kushoto na kulia kwake, akawaambia Kadiri na mke wake wakae. "Nimewauliza watu miaka thelathini," aliwaambia wenzake. "Sijui ni mara ngapi nimemuuliza mtu asiyeruhusiwa kujibu, nikaandika kwamba jibu ni hapana." Hapo mjadala ukaisha. Sura mpya ilipitishwa kabla ya chakula cha mchana, kwa jina la Kadiri.

Mtaani habari zilifika kabla yao. Watu walimpokea kama bwana harusi, wakambeba pamoja na koti lake. Saidi wa nyama alipeleka paja zima la mbuzi, na Mukamurenzi akatuma salamu: mwambieni yule wa nyama ahsante sana. Rafiki zake waliomwita mchumba wa vikongwe walidai kwamba wao ndio waliomtia moyo. Kadiri aliwakubalia wote. Alikuwa na furaha kubwa mno hata hakuwa na nafasi ya kubishana.

Mwaka uliofuata alipewa cheo cha mtafiti na chumba chenye dirisha. Vijana wa seminari walikuja kujifunza kwake, na somo la kwanza alilowapa lilikuwa kwenda kumuuliza mama wa nyumbani mwao ni jina gani halitamki. Waliorudi wamepigwa na mshangao aliwachukua, na waliorudi wakisema hakuna aliwarudisha wakaulize tena. Wachunguzi wa Ruhengeri na hata wa upande wa Kongo waliandika barua kuomba maelezo ya njia ya kufuata ndoa. Aliandika juu ya kazi za barabara, juu ya kahawa ya lazima, juu ya viboko. Cherehani haikuhama kibarazani. Ilikuwa sasa ya Mukamurenzi, na wateja walikiri kwamba suruali zinakaa vizuri zaidi tangu fundi alipobadilika.

Kitabu kilifika mwaka 1958, kizito, kina harufu ya gundi. Kurasa za mwisho zilikuwa na majina yote mia tatu na kumi na saba, na chini ya kila jina kilima chake. Kadiri na Mukamurenzi walipanda nacho Bugeshi. Mukankusi alikuwa amezeeka sana katika miaka hiyo miwili, macho yameanza kufifia, lakini aliomba aletewe kigoda nje penye mwanga. Akapakata kitabu mapajani. Akauliza kama wote wamo.

"Wote tuliowapata," alisema Kadiri, akamweleza kwamba nusura kitabu kiseme waliuawa na jua.

"Baba wa mume wangu yuko wapi?"

Kadiri alifungua ukurasa, akakichukua kidole cha mjane akakiweka juu ya mstari. Mukankusi akakikandamiza pale. Alikaa hivyo kitambo, kidole hakisogei, huku akilitazama kwa karibu jina ambalo kinywa chake hakikuwahi kulibeba.

"Soma," alisema.

"Semivumbi, wa Bugeshi. Alichukuliwa mwaka 1916."

"Ndiye," alisema Mukankusi. "Huyo hakuuawa na jua."

Kadiri alikuwa amepewa nakala moja tu ya kitabu kile. Aliiacha palepale, mapajani mwa mwanamke asiyejua kusoma, akashuka mlima na mke wake mikono mitupu.